Kutoka pipa la Lusaka mpaka lokole ya Yakusu: historia ya safari za anga zisizotoka ardhini

Mwaka wa 1964, Zambia ilipokuwa inapata uhuru, mwalimu Edward Mukuka Nkoloso alikuwa na kazi ya ajabu nje kidogo ya mji wa Lusaka. Aliingiza vijana ndani ya pipa la mafuta, halafu akaliviringisha kwenye mteremko. Wengine aliwaweka kwenye bembea ya kamba ndefu. Bembea ikifika juu, kamba inakatwa. Alitaka miili yao izoee kuzunguka na kuelea kabla ya kwenda mwezini. Kati yao alikuwemo msichana wa miaka 17, Matha Mwamba. Nkoloso aliomba UNESCO pauni milioni 7. Hakupata kitu, na waandishi wa habari wa kigeni walirudi kwao wakicheka.

Mpaka leo watu wanabishana kama ulikuwa mzaha, siasa, au vyote viwili. Lakini wazo lenyewe halikuwa la kichaa. Wamarekani nao walizungusha marubani wao ndani ya mashine. Aprili 1970, tangi ya oksijeni ya Apollo 13 ilipopasuka njiani kwenda mwezini, namna ya kukiwasha tena chombo bila kumaliza umeme mdogo uliobaki ilijaribiwa kwanza huku ardhini, ndani ya chombo cha mazoezi. Watu watatu walirudi hai. Pipa lilikuwa duni, kanuni ilikuwa ile ile.

Kwetu Kongo, mambo ya anga yalikuja kwa njia nyingine. Oktoba 1969, Neil Armstrong, Buzz Aldrin na Michael Collins walipita Kinshasa katika ziara yao ya dunia, miezi mitatu tu baada ya safari ya mwezini. Kisha Mobutu akaipa kampuni ya Ujerumani Magharibi, OTRAG ya Lutz Kayser, eneo la karibu kilomita za mraba 100,000 katika Shaba. Roketi ya kwanza ilipanda Mei 17, 1977. Mwaka uliofuata, mwezi wa Juni, Mobutu mwenyewe alikuja kutazama, na siku hiyo roketi ikashindwa. Mwaka wa 1979 Wajerumani wakaambiwa waondoke. Wasovieti walikuwa wamelalamika sana. Ilikuwa biashara, si shule.

Miaka thelathini baadaye, mhandisi wetu Jean-Patrice Keka akawa anarusha roketi zake za Troposphere huko Menkao, upande wa Kinshasa. Mwaka wa 2009 aliweka panya ndani ya Troposphere 5. Roketi ilikwenda kombo, panya akafa. Watu walicheka tena, kama walivyomcheka Nkoloso. Lakini safari hii waliokaa mbele ya mashine, wakihesabu sekunde, walikuwa Wakongomani.

Nani anakaa mbele ya mashine? Swali hilo lilipata jibu zuri kutoka katika msiba. Januari 28, 1986, chombo Challenger kilivunjika hewani sekunde 73 baada ya kuruka. Watu 7 walikufa, akiwemo mwalimu Christa McAuliffe, ambaye alikuwa afundishe wanafunzi akiwa huko juu. Familia za marehemu hazikutaka sanamu tu. Mwaka huo huo ziliunda shirika la elimu, na mwaka wa 1988 kituo cha kwanza kikafunguliwa Houston. Darasa linagawanywa mara mbili: nusu wanabaki "ardhini", nusu wanaingia "chomboni". Mmoja anachunga hewa, mwingine njia, mwingine afya, mwingine mawasiliano. Katikati wanabadilishana nafasi. Wa chomboni hawezi kumaliza hesabu yake bila namba za mwenzake wa ardhini, na matatizo yanaingizwa makusudi. Mwanafunzi hodari anayenyamaza anaangusha timu nzima.

Wakubwa nao wanacheza mchezo huo. Februari 2018, katika jangwa la Dhofar, Oman, watafiti walioongozwa na Waaustria waliishi kana kwamba wako kwenye sayari ya Mirihi. Ujumbe wao kwenda Innsbruck ulicheleweshwa dakika 10, makusudi.

Hilo halihitaji jangwa. Katika shule nyingi za Kisangani fizikia ni chaki na ubao, na mtoto anaweza kufika kwenye Exetat bila kushika chombo chochote cha maabara. Lakini vyumba viwili vipo. Saa ipo. Mtoto wa kubeba karatasi kutoka chumba kimoja hadi kingine baada ya dakika 10, yupo. Wafanyabiashara waliozoea kuongea kwa foni na wenzao wa Opala au Bafwasende wanajua nidhamu yake: unasema, unaachilia kifungo, unangoja.

Kuna na walimu wa zamani zaidi. Mwaka wa 1949 John Carrington, mmisionari wa Yakusu, alitoa kitabu juu ya ngoma zinazosema. Alieleza kwa nini mpigaji wa Kilokele hatumi neno moja peke yake. Ngoma ina sauti mbili, ya juu na ya chini, na maneno mengi yanafanana kwa sauti hizo. Kwa hiyo kila neno linarefushwa kuwa fungu zima la maneno, na linarudiwa, ili aliye mbali mtoni asikosee. Wahandisi wa mawasiliano ya anga nao wanaongeza alama za ziada katika kila ujumbe, kwa sababu hiyo hiyo. Na kutoka Kisangani mpaka Yakusu ni safari fupi tu ya pirogi, kushuka na mto.