Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuhama Mtandao wa Simu

Mwananchi anayetaka intaneti yenye kasi zaidi halazimiki kuhama mtandao, na akihama hapotezi namba yake. Tangu Machi 1, 2017, huduma inayosimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) humwezesha kubadili mtoa huduma na kubaki na namba ileile. Kwa mchimbaji mdogo wa Nyarugusu mkoani Geita au Mwakitolyo mkoani Shinyanga, wanunuzi wa dhahabu humpata kwa namba hiyo.

Kabla ya kuamua, apime mawimbi ya mitandao yote miwili akiwa machimboni, si mjini pekee, na ahakikishe simu yake inapokea 4G. Akiamua kuhama, atumie kwanza salio la muda wa maongezi, kwa kuwa halihamishwi, na atoe fedha zilizomo katika akaunti ya simu.