MATEKA, WATORO NA WAUMINI: JUMUIYA YA MISHENI YA RABAI NA FRERE TOWN, 1846–1907

Historia ya Ukristo katika pwani ya Kenya aghalabu husimuliwa kwa kufuata majina ya wamishenari wa Kizungu: Krapf, Rebmann, Price, Hannington. Si kosa kuanza na majina hayo, kwani bila ya watu hao misheni isingekuwako. Lakini kuishia hapo ni kuiacha nusu kubwa ya habari. Misheni ni watu wanaoamka alfajiri, wanaolima, wanaosali, wanaooana na kuzikana. Na katika Rabai na Frere Town wengi wa watu hao walikuwa watumwa waliokombolewa, au watumwa waliotoroka. Makala haya yanakusudia kuchunguza maisha na kazi za jumuiya hiyo, na kuonyesha kwamba uhuru uliopatikana humo haukuwa zawadi iliyotolewa mara moja na mkono mmoja. Ulikuwa jambo lililodaiwa, likapingwa, likajengwa na wanajumuiya wenyewe.

1. Msingi wa Rabai

Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na Chama cha Misheni cha Kanisa la Uingereza, alifika Mombasa mwaka 1844. Katika mwaka huo huo alimzika mkewe na mtoto wao mchanga, na katika mwaka huo huo akaanza kukitafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili akisaidiwa na Kadhi Ali bin Muhyiddin wa Mombasa. Mwaka 1846 alifikiwa na mwenzake, Johannes Rebmann, wakapanda pamoja hadi Rabai, katika milima ya Wamijikenda, wakaanzisha kituo chao.

Kwa kipimo cha hesabu, kituo hicho hakikuzaa sana. Mtu wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, kiwete aliyepokea ubatizo akiwa karibu na kufa. Krapf aliondoka mwaka 1853. Rebmann alibaki Rabai hadi mwaka 1875, alipoondoka akiwa karibu kipofu, nyuma yake akiacha waumini wachache mno na shehena ya maneno ya Kiafrika aliyoyaandika kwa subira ya miaka. Wamijikenda walikuwa na kaya zao, wazee wao na ibada zao. Hawakuona haja ya kuyaacha hayo kwa ajili ya mgeni mmoja na kitabu chake. Yamkini Rabai ingebaki hivyo, nyumba ya msomi mpweke juu ya kilima, kama biashara ya utumwa isingeleta watu wa namna nyingine kabisa.

2. Wana wa Nasik

Watu hao walikuja kwa njia ndefu. Manowari za Kiingereza zilizokuwa zikiyawinda majahazi ya watumwa katika Bahari ya Hindi ziliwapeleka Bara Hindi baadhi ya watoto waliookolewa. Wengi wao walilelewa katika misheni ya Sharanpur, karibu na Nasik, si mbali na Bombay. Huko walifundishwa dini, Kiingereza, na kazi za mikono kama vile uhunzi na useremala, wakapewa majina ya Kizungu. Mwaka 1864 William Jones na Ishmael Semler, pamoja na wake zao, walirudishwa Afrika kumsaidia Rebmann huko Rabai. George David naye alikuwa miongoni mwa waliotangulia, na wengine wengi wakafuata baadaye. Mmoja wao, Matthew Wellington, alikuwa miongoni mwa waliousindikiza mwili wa David Livingstone kutoka bara hadi pwani. Aliishi Mombasa hadi alipofariki mwaka 1935.

Hali ya wana wa Nasik ilikuwa ya utata. Kwa Wamijikenda walikuwa wageni wenye mavazi na majina ya Kizungu. Kwa Wazungu walikuwa wasaidizi, wala si wenzi. Walikuwa Waafrika waliorudi Afrika, lakini si makwao, maana aliyetekwa utotoni katika nchi ya Wayao hakuwa na ukoo Rabai. Na bado ni wao walioweza kusema na watu, kufundisha watoto, kuongoza sala na kufua vyuma. Kazi ya kila siku ya misheni iliwaangukia wao. Tarehe 31 Mei 1885 Askofu James Hannington aliwatawaza Jones na Semler kuwa mashemasi, wakawa Waafrika wa kwanza kupewa daraja hiyo katika nchi iitwayo Kenya leo. Miezi michache baadaye Jones alikuwa katika msafara wa askofu huyo kuelekea Buganda. Hannington alipouawa Busoga mwezi Oktoba 1885, Jones ndiye aliyewaongoza waliosalia kurudi pwani. Waliingia Rabai mwezi Februari 1886 wakiwa na bendera ya buluu iliyoandikwa neno moja la Biblia: Ichabod, yaani utukufu umeondoka.

3. Kengele ya Frere Town

Mwaka 1873 Sir Bartle Frere alifika Unguja akiwa ametumwa na serikali ya Uingereza, na katika mwaka huo Sultani Barghash akatia sahihi mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa njia ya bahari. Mara likazuka swali: watu watakaotolewa majahazini wapelekwe wapi? Chama cha Misheni kilijibu kwa kununua ardhi bara ya kaskazini, upande wa Kisauni, ng'ambo ya kisiwa cha Mvita. W. S. Price, aliyekuwa amewalea watoto wa Nasik, alikuja kuusimamia mji huo mpya, ukaitwa Frere Town. Kuanzia mwaka 1875 manowari zikaanza kuwashusha watu hapo: Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengine, wake kwa waume, na watoto wengi wasio na wazazi.

Maisha ya Frere Town yalipangwa kwa kengele. Kengele iliwaita watu katika sala za asubuhi, kisha kazini, kisha shuleni, kisha tena katika sala za jioni. Iligongwa pia kuonya hatari, maana wenye watumwa wa pwani hawakuupenda mji huo, na tishio la kushambuliwa halikuwa la kubuni. Kengele hiyo imehifadhiwa hadi leo, na mahali hapo pangali pakiitwa Kengeleni. Watu wazima walilima mashamba, walijenga nyumba na kuchoma chokaa. Watoto walifundishwa kusoma na kuandika, na baadhi yao kazi za ufundi.

Hapa ndipo penye fundo la historia hii. Mtu aliyetolewa mikononi mwa bwana mmoja alijikuta chini ya ratiba ambayo hakuipanga, katika mji ambao hakuuchagua, akimtii msimamizi ambaye hakumteua. Wamishenari waliita jambo hilo malezi. Lakini malezi yalikuwa na viboko. Mnamo mwaka 1881 habari za adhabu kali zilizokuwa zikitolewa na msimamizi wa mji zilimfikia balozi wa Uingereza huko Unguja, zikaleta fedheha kubwa, na msimamizi huyo akaondolewa. Tukio hilo halifuti mema yaliyotendwa Frere Town. Linathibitisha tu kwamba kati ya kufunguliwa na kuwa huru palikuwa na safari, na kwamba wakombozi nao waliweza kuwa kikwazo njiani.

4. Suala la watoro

Jaribio kubwa zaidi lilitokea Rabai. Mkataba wa 1873 ulizuia biashara ya baharini, lakini haukuufuta utumwa wenyewe; kumiliki mtumwa katika ukanda wa pwani kuliendelea kuwa halali. Basi watumwa wa mashamba ya pwani walianza kukimbilia katika vituo vya misheni. Mpango rasmi wa misheni ulikuwa kutowapokea, ili kuepuka ugomvi na wenyeji wenye mali na na serikali ya Sultani. Lakini mpango uliandikwa mezani, na watoro walifika usiku. Rabai, chini ya uangalizi wa Jones, ilizidi kujaa watu. Walijenga vibanda, wakalima, wakaingia darasa la ubatizo. Jumuiya iliyoundwa na watu waliowahi kuuzwa haikuweza kwa urahisi kumfungia mlango anayekimbia kuuzwa. Katika makao mengine ya watoro, huko Fuladoyo, David Koi, Mkristo wa kwanza kuuawa kwa sababu hiyo katika pwani ya Kenya, alilipa kwa maisha yake katika miaka ya 1880.

Mwaka 1888 wenye watumwa walidai haki yao kwa nguvu zaidi, na vita vikawa karibu. George Mackenzie, mkuu wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki, alikuwa amewasili Mombasa kuanza utawala wa kampuni hiyo, na hakutaka kuuanza kwa damu. Suluhisho lilikuwa la fedha. Watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa Rabai na katika vituo vya jirani walihesabiwa, na mabwana zao wakalipwa fidia ya takriban pauni 3,500 kwa jumla. Tarehe 1 Januari 1889 watoro walipewa hati za uhuru huko Rabai.

Siku hiyo imesifiwa sana, na kwa haki. Hata hivyo haifai kusahau mambo mawili. Kwanza, fidia ilikwenda kwa waliomiliki, wala si kwa waliomilikiwa. Pili, hati hizo hazikuleta uhuru Rabai. Zilithibitisha uhuru ambao watoro walikuwa wameshauchukua kwa miguu yao, na ambao waumini wa Rabai walikuwa wameshaukubali kwa kuwapa ardhi na nafasi kanisani. Sheria ilichelewa. Utumwa haukufutwa kisheria katika pwani ya Kenya hadi mwaka 1907.

5. Lugha ya sala

Mchango wa jumuiya hii katika Kiswahili haujapewa uzito unaostahili. Watu walioshushwa Frere Town walitoka makabila mengi, nao hawakuwa na lugha moja ila Kiswahili, lugha waliyoisikia kwanza midomoni mwa wenye misafara na majahazi. Lugha ya kufungwa minyororo ndiyo iliyokuwa lugha ya kusali, kufundishana na kuposana. Watoto waliozaliwa hapo waliipokea kama lugha ya mama.

Maneno yenyewe yalibeba mzigo huo. Katika matumizi ya kawaida, kukomboa ni kulipa ili kurudisha kilichowekwa rehani au kilichotekwa. Na msamiati wa Kikristo ukamwita Kristo Mkombozi. Msikilizaji wa Rabai mwaka 1889 hakuhitaji kuelezwa maana ya fumbo hilo, kwa kuwa alikuwa ameiona bei yake ikihesabiwa. Vivyo hivyo, kutokana na kitenzi tuma lugha imezaa mtumwa, mtume na mtumishi. Mzizi ni mmoja, lakini kati ya mtu anayetumwa kwa nguvu na mtu anayetumwa kwa wito pana umbali ambao William Jones aliupita maishani mwake. Neno mateka nalo, ambalo wenyeji waliwaitia watu wa misheni, liliendelea kuwafuata hata baada ya kuwa waalimu na makasisi. Ndipo inapoonekana kwamba jamii huweza kuichana hati ya mtu kwa jina moja tu.

Wamishenari wa pwani hii walishikilia lahaja ya Kimvita. W. E. Taylor, aliyeijua kwa kina akisaidiwa na Mwalimu Sikujua wa Mombasa, alitumia elimu hiyo pia kuhifadhi tungo za Muyaka. Biblia nzima kwa Kimvita ilitoka mwaka 1914, ingawa mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Na kutoka Frere Town alitokea James Mbotela, mwana wa mtumwa aliyekombolewa, ambaye kitabu chake Uhuru wa Watumwa kilichapishwa mwaka 1934. Wahakiki wamekilaumu kwa kuwatukuza mno Waingereza na kuwachora Waarabu kwa rangi moja. Lawama hiyo ina msingi. Lakini ni kitabu ambacho ndani yake mjukuu wa safari ya utumwa anaisimulia safari hiyo kwa Kiswahili, bila mkalimani, na kwa hiyo ni ushahidi ambao barua za wamishenari haziwezi kuchukua nafasi yake.

6. Hitimisho

Baada ya 1889 vijana wa Frere Town na Rabai walianza kutawanyika. Elimu waliyoipata iliwafungulia kazi za ukarani, ukalimani na ufundi katika kampuni, serikalini, na katika reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896. Chuo cha theolojia kilichoanzishwa Frere Town mwaka 1903 kilihamishiwa Limuru mwaka 1930. Wengine wameyaita hayo kudhoofika kwa misheni. Ni sahihi zaidi kusema kwamba watu walikuwa wameacha kuhitaji kengele ya mtu mwingine ili kujua saa ya kazi na saa ya sala.

Jumuiya hii iliundwa na watu wasio na ukoo wa pamoja, ambao walifanya ukoo wao kwa ibada, jembe na lugha. Wamishenari walileta ardhi, kitabu na ulinzi. Wakaleta pia amri na viboko. Watumwa waliokombolewa walileta kilichobaki, nacho ndicho kilichodumu: waliwapokea watoro wakati sera iliposema wasiwapokee, na wakaligeuza neno la soko la watumwa kuwa neno la sala. Mtafiti wa historia ya Kiswahili nchini Kenya hana budi kuwahesabu miongoni mwa waliokijenga.