Santuri Aliyoiacha Bowlly

Al Bowlly alizaliwa mwishoni mwa karne ya 19 huko Lourenço Marques, bandari tunayoiita leo Maputo. Baba yake alikuwa Mgiriki, mama yake Mlebanoni. Alikulia Johannesburg, akafanya kazi ya kinyozi, kisha muziki ukamfikisha London. Mwaka 1931 alirekodi "Heartaches", wimbo wa mtu aliyeachwa na mpenzi, ambaye kila akijaribu kusahau anashindwa.

Usiku wa kuamkia 17 Aprili 1941, bomu la Wajerumani lililoshushwa kwa parachuti lililipuka nje ya makazi yake London. Bowlly alizikwa katika kaburi la pamoja na wengine waliouawa katika mashambulizi hayo. Santuri zake zikabaki.

Mwaka 2016, Mwingereza James Leyland Kirby, aliyejiita The Caretaker, alianza kutoa *Everywhere at the End of Time*. Albamu hiyo ina sehemu 6, ya mwisho ilitoka 2019, na yote huchukua takriban saa 6 na nusu. Inafuata hatua za dimenshia, ule ugonjwa unaomnyang'anya mtu kumbukumbu zake kidogo kidogo. Inafunguliwa na santuri ile ile ya 1931, ila Kirby amechukua vipande vya ala tu na kuvirudiarudia. Bowlly haimbi.

Sehemu za mwanzo mtu anaweza hata kuzicheza dansi. Wimbo ule unarejea tena na tena, kila mara ukiwa umechakaa zaidi. Kuanzia sehemu ya nne huwezi tena kuufuata, kelele zimeumeza. Dakika ya mwisho kabisa ni ukimya.

Mtu aliyeachwa huomba asahau. Nilipomaliza kusikiliza nilihisi kwamba ombi lile la 1931 lilikuwa limejibiwa, na jibu likanitisha. Maumivu yalikwisha, lakini yalimchukua na yule aliyependa.

Sisi tunaosoma historia tunalijua jambo hili kwenye nyaraka: tukio hubaki, jina la aliyeumia hupotea mapema. Mamilioni wamesikia huzuni ya albamu hii bila kujua ilianzia koo la nani. Ukiisikiliza, zile sekunde za kwanza zinapoanza kukwaruza, mkumbuke kinyozi mmoja aliyezaliwa Maputo. Angekuwa karibu kuanza kuimba.