Maneno ya kiasi ya umoja katika Kiingereza

Maneno ya kiasi ya umoja katika sarufi ya Kiingereza ni maneno yanayotaja idadi au kiasi cha kitu na kuhitaji kitenzi cha umoja. Yapo ya aina mbili: yanayotaja kitu kimojakimoja ndani ya kundi, kama vile "each", "every" na "neither", na yanayotaja kiasi cha kitu kisichohesabika, kama vile "much", "little" na "a little".

Nchini Tanzania shule nyingi za msingi hufundisha kwa Kiswahili, lakini masomo mengi ya sekondari hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Katika maeneo kama Hombolo, mkoani Dodoma, ambako wenyeji ni Wagogo, Kiingereza huweza kuwa lugha ya tatu ya mwanafunzi, baada ya Kigogo na Kiswahili. Mifano ifuatayo inahusu mazingira ya Hombolo, penye bwawa na mashamba ya zabibu.

Kitu kimojakimoja

"Every" hufuatwa na nomino ya umoja, sawa na neno "kila": "Every farmer has a hoe", yaani "Kila mkulima ana jembe". Makosa hutokea zaidi pale "each of" au "one of" inapofuatwa na nomino ya wingi. Katika "Each of the farmers has a hoe", kitenzi hupatana na "each", si "farmers". Kwa hiyo "have" ni kosa. Lakini "each" ikija baada ya kiima cha wingi, kitenzi hubaki katika wingi: "The farmers each have a hoe".

Vilevile husemwa "The number of vines is growing", yaani idadi ya mizabibu inaongezeka, lakini "A number of vines are dying", yaani mizabibu kadhaa inakufa.

Kitu kisichohesabika

Kiswahili husema "wakulima wengi" na "maji mengi" kwa mzizi mmoja, "-ingi". Kiingereza hutenganisha: "many farmers", lakini "much water".

Tena maji, maziwa na mafuta huchukua kiambishi "ya-", kilekile cha wingi wa gari: "maji yamepungua" kama "magari yamepungua". Ndiyo maana wanafunzi wengine huandika "The water have gone down". Sahihi ni "The water has gone down". "Information" na "advice" nazo huchukua kitenzi cha umoja, wala haziongezewi "s" ya wingi.

"Little" na "a little"

"There is little water in the dam" maana yake maji ni haba, karibu hayapo. "There is a little water in the dam" maana yake yamebaki kidogo, na bado yanaweza kutumika. Sentensi ya kwanza ni onyo. Ya pili inaacha tumaini.