PTTH: Mteja alipogeuka mwenye duka

Wadau, kwa nini kompyuta yako huomba kurasa kila siku lakini yenyewe haiombwi kitu? Lawama moja iende kwa NAT, iliyoelezwa mwaka 1994: kompyuta nyingi nyuma ya anwani moja. Ombi la kutoka linapita, la kuingia linagonga mwamba.

Mwaka 2009 Mark Lentczner na Donovan Preston wa Linden Lab, Marekani, wakaja na ujanja: kompyuta ya nyumbani iite seva, kisha njia ileile igeuzwe, seva ndiyo iombe. Jina? HTTP kinyumenyume: PTTH. Mwaka huohuo Tony Garnock-Jones akaonyesha, kwa JavaScript, hata brauza ikipokea maombi.

Rasimu ya PTTH haikuwa kiwango rasmi. WebSocket ikawa, 2011. Lakini swali lao bado bichi: tubaki wateja tu mpaka lini?