Hela, Faranga na Kadi: Mkazi wa Bujumbura na Fedha Taslimu

Mrundi akitaja fedha kwa lugha yake husema amahera. Mwalimu wa Kiswahili hatakawia kulitambua neno hilo: ni ndugu wa hela yetu, na yote mawili yamezaliwa na heller, sarafu ndogo ya Wajerumani iliyoanza kutumika katika makoloni yao ya Afrika Mashariki mwaka 1904. Mrundi huyohuyo husema pia amafaranga, na hapo asikika Mbelgiji. Nasi katika Kiswahili tuna pesa na rupia kutoka Bara Hindi, shilingi kutoka kwa Mwingereza, na fedha kutoka kwa Mwarabu, ambayo asili yake ni madini yenyewe. Watawala waliotoa sarafu hizo wamekwenda zao. Majina ya sarafu zao yamebaki vinywani mwetu.

Makala haya yanakusudia kutazama jambo linalozungumzwa sana siku hizi: je, mtu alipe kwa noti mkononi, au kwa kadi na simu? Watu wa benki hulieleza jambo hili kana kwamba ni safari yenye njia moja, na anayeshika noti ni msafiri aliyechelewa. Kwa mji kama Bujumbura maelezo hayo ni mafupi mno. Mkazi wa mji huu anayependelea noti ana historia nyuma yake. Wala historia hiyo haimwambii kwamba noti ni salama. Humwambia kwamba kila fedha ni ahadi ya mtu fulani, na kwamba yafaa kumjua mtoa ahadi, na kujua kama kesho atakuwapo.

Tuanze kabla ya Mjerumani. Mwaka 1874 msafiri Mwingereza, Cameron, alifika Ujiji, kusini ya Bujumbura ya leo, kwenye ufuko uleule wa Ziwa Tanganyika. Alikuta sokoni ushanga uitwao sofi, mfano wa vipande vya bomba la kiko kilichovunjika, nao ndio uliokuwa fedha ya soko hilo. Soko lilipofunguliwa walikuwapo watu wenye mifuko ya sofi, wakiwabadilishia wanunuzi waliokuja na ushanga wa namna nyingine. Soko lilipofungwa walizipokea tena sofi kwa wauzaji, wakapata faida mara mbili. Warundi walikuwa miongoni mwa waliolijia soko hilo. Hapana mfalme aliyetia sahihi kwenye ushanga ule, wala benki iliyoudhamini. Mdhamini wake alikuwa soko lenyewe, na yule mwenye mfuko ambaye kila mtu alijua ukoo wake na mahali anapolala.

Lakini wakati huohuo, katika Ujiji hiyohiyo, biashara kubwa haikuendeshwa kwa ushanga mkononi. Misafara ya pembe iliondoka pwani kwa mkopo. Tajiri wa Kihindi wa Unguja, kama Taria Topan aliyemkopesha Tippu Tip, alitoa nguo, bunduki na shanga, akaandika daftarini mwake, akangoja miaka. Neno hundi, ambalo leo twalitumia kwa cheki ya benki, lilikuja kwetu na matajiri hao. Kwa hiyo wanaosema kwamba kulipa bila fedha mkononi ni jambo jipya lililokuja na mitambo wamesahau nusu ya historia. Wakubwa wa ziwa hili waliishi kwa maandishi ya daftari. Aliyelipwa papo kwa papo alikuwa mpagazi na mama muuza mihogo. Tofauti hiyo naiona mpaka leo: anayeweza kungoja hulipwa kwa daftari, na asiyeweza kungoja hutaka chake mkononi.

Neno letu lenyewe latueleza. Taslimu ni neno la Kiarabu lenye maana ya kukabidhi, kutia kitu mkononi mwa mwenzio. Fedha taslimu ni fedha iliyokwisha kukabidhiwa: haina ahadi iliyobaki baina ya mnunuzi na muuzaji. Kila mmoja aenda zake, na wala hawalazimiki kujuana.

Wajerumani waliweka kituo chao cha kijeshi Usumbura katika miaka ya mwisho ya karne ya 19. Rupia yao, iliyotolewa kwanza na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki tangu mwaka 1890, ilikuwa na uzito sawa na rupia ya Bara Hindi: gramu 11.66, karibu yote fedha tupu. Mtu aliweza kuipima, kuiuma, hata kuiyeyusha akafanya bangili. Iligawanywa kwanza katika pesa 64, kisha, tangu 1904, katika heller 100. Tusidhani kwamba watu waliipokea kwa kuvutiwa na uzuri wake. Serikali iliitoza kodi ya nyumba, iliyoanza pwani mwaka 1898 na kuenea bara hatua kwa hatua, na aliyetakiwa kulipa kodi kwa sarafu ilimpasa kwanza aitafute sarafu: kwa kubeba mizigo, kwa kuuza ngozi, kwa kwenda kibarua.

Kisha ikaja vita. Mwaka 1915 serikali ya Kijerumani, iliyokuwa imetengwa na meli za Waingereza, ilianza kuchapa noti za dharura Dar es Salaam. Mwaka 1916 karakana ya reli Tabora ilitengeneza sarafu za heller 20 kwa shaba iliyopatikana, hata ya maganda ya risasi za mizinga, pamoja na sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo. Mwezi Juni mwaka huohuo Wabelgiji waliingia Usumbura. Vita ilipokwisha, serikali iliyoandika ahadi kwenye zile karatasi haikuwapo tena nchini. Aliyekuwa ameficha rupia za fedha alikuwa na fedha; aliyeficha karatasi alikuwa na karatasi. Nadhani somo hilo lilifundishwa vizuri kuliko masomo mengi ya shule za wakati ule.

Faranga ya Kongo ya Kibelgiji ikatawala kwa miaka zaidi ya arobaini. Sarafu zake nyingi hazikuwa tena za madini ya fedha. Thamani yake ilikaa katika jina la mtoaji, na kodi ilidaiwa kwa faranga hiyo. Kongo ilipopata uhuru mwaka 1960, ikaundwa benki ya kutoa fedha kwa ajili ya Rwanda na Burundi pamoja. Haikudumu. Mwaka 1964 Burundi ilitoa faranga yake yenyewe kwa jina la Benki ya Ufalme wa Burundi. Na ufalme ulipoangushwa mwezi Novemba 1966, noti za ufalme zilizokuwapo zilipigwa mhuri wa Jamhuri juu yake. Kwa hiyo mtu aliyezaliwa Usumbura mwaka 1910 na kufa Bujumbura mwaka 1970 aliweza kushika, bila kuhama mtaa, fedha za Kaisari, za Mbelgiji, za benki ya nchi mbili, za Mwami na za Jamhuri.

Hapa lazima tutaje jambo zito zaidi ya kubadilika kwa picha kwenye noti. Mwaka 1972 Burundi ilipatwa na mauaji makubwa yaliyowalenga hasa Wahutu wenye elimu: walimu, wanafunzi, makarani, wafanyabiashara. Mali za wengi waliouawa au kukimbilia Tanzania na kwingineko zilitwaliwa, zikiwamo akaunti zao za benki. Mtu aliyekuwa ameambiwa kwamba benki ndiyo mahali pa mstaarabu kuweka akiba yake, jina lake lilikuwa limeandikwa pale pamoja na kiasi chake. Daftari lina kumbukumbu, na kumbukumbu hutegemea ni nani anayelifungua. Naamini mwalimu ye yote anayetaka kuwaeleza wanafunzi kwa nini baba fulani alishona noti ndani ya godoro, aanzie hapo, kabla ya kutaja ujinga. Na katika vita iliyoanza Oktoba 1993, wakazi wengi wa Buyenzi na Bwiza, mitaa ambayo ndiyo kitovu cha Kiswahili mjini, walikimbilia Uvira mwezi Machi 1995. Mtu anayekimbia usiku hachukui tawi la benki begani. Huchukua watoto na bahasha.

Hata hivyo jirani zetu wa Uvira wangeweza kuwaambia wageni wao habari nyingine. Mwishoni mwa Desemba 1979 serikali ya Zaire ilitangaza ghafla kwamba noti za zaire 5 na zaire 10 hazina thamani tena. Mipaka ilifungwa, muda wa kubadilisha ulikuwa wa siku chache, na kiasi cha kubadilisha kiliwekewa kikomo. Mkulima wa mbali na benki, ambaye aliuza mazao yake na kutunza noti kwa uangalifu, alizishika bado mkononi; lakini hazikuwa fedha. Fedha mkononi, kumbe, nayo hukaa mkononi mwa mwingine.

Bujumbura ilijifunza hayo kwa zamu yake mwezi Juni 2023. Kwa muda mrefu viongozi wa nchi walikuwa wakilalamikia fedha nyingi zinazofichwa majumbani. Ndipo Benki ya Jamhuri ya Burundi ikatangaza kwamba noti za faranga 5,000 na 10,000 za toleo la mwaka 2018, ambazo ndizo zilizokuwa kubwa kuliko zote, zinaondolewa na kubadilishwa na noti mpya. Wananchi walipewa siku kumi. Mtu binafsi hakuruhusiwa kuweka zaidi ya faranga milioni 10, kiasi cha dola 3,500 kwa bei rasmi ya wakati ule. Kampuni, milioni 30. Wengi wa Warundi hawana akaunti ya benki, na anayeishi mlimani hupoteza siku nzima kufika penye tawi. Mlanguzi aliyelengwa na amri hiyo alikuwa na marafiki, madereva na akaunti. Bibi aliyekuwa akiweka noti moja moja kwa ajili ya mazishi yake alikuwa na siku kumi tu.

Twaweza kuuliza: je, tukio hilo halikuthibitisha kwamba simu na kadi ni bora? Wapo wasemao hivyo, nao wana hoja ya haki. Soko kuu la Bujumbura lilipoteketea Jumapili ya tarehe 27 Januari 2013, wafanyabiashara walipoteza bidhaa, madaftari na pesa zilizokuwa mabandani. Fedha iliyo katika simu haiungui. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na mfano wake ukafika Burundi: leo wakazi wa Bujumbura hutumia sana Lumicash ya Lumitel, kampuni iliyoingia nchini mwaka 2015, na EcoCash ya Econet Leo. Mama wa mjini humtumia mama yake aliye kijijini ada ya shule bila kumtafuta dereva mwaminifu. Hilo ni jambo kubwa, na anayelidharau hajawahi kungoja bahasha isiyofika. Kadi ya benki, kwa upande wake, imebaki mgeni: hupokelewa katika hoteli kubwa na maduka machache ya katikati ya mji, na hapo pia umeme ukikatika muuzaji hurudi kwenye droo.

Lakini hoja hiyo haijibu swali la kwanza. Fedha ya simu ni faranga ileile; ikishuka thamani, hushuka ndani ya simu kama inavyoshuka ndani ya godoro. Amri ya Juni 2023 ingeweza kutekelezwa juu yake kwa dakika moja, bila foleni. Na kwa ahadi ya benki kuu zimeongezwa ahadi nyingine: ya kampuni ya simu, ya mnara, ya umeme, ya betri. Huko Sweden, nchi iliyotoa noti za kwanza za Ulaya mwaka 1661 na ambayo leo karibu imeziacha, serikali ilipeleka katika kila nyumba mwaka 2018 kijitabu cha kuwaandaa wananchi kwa vita au maafa. Miongoni mwa vitu walivyoshauriwa kuwa navyo nyumbani ni fedha taslimu, za noti ndogondogo. Sidhani kwamba Mrundi alihitaji kijitabu hicho.

Msomaji atakayepita Buyenzi, penye soko la Ruvumera, ataona jinsi watu walivyolitatua jambo hili bila kungoja wataalamu. Fundi wa magari hulipwa kwa simu na mteja wake, naye papo hapo huvuka barabara kwenda kwa wakala, akatoa noti, akanunua vyakula. Wakala huchukua ada yake. Akija mwingine anayetaka kupeleka fedha kijijini, noti zilezile hurudi, na ada nyingine hukatwa. Yule mwenye mfuko wa sofi aliyeonekana na Cameron mwaka 1874 angeielewa kazi hiyo tangu asubuhi ya kwanza. Jioni, noti zinapomwishia, wakala hufunga kibanda, hata kama simu yake imejaa fedha.