Kitabu kimekwisha, watu hawakukwisha

Habari za vita mara nyingi huandikwa na washindi. Ndiyo sababu kitabu cha Dee Brown, Bury My Heart at Wounded Knee, kilichotoka mwaka 1970, kilishtusha wasomaji wengi wa Marekani. Brown alikuwa mtunza vitabu katika chuo kikuu cha Illinois, lakini aliandika kwa ajili ya watu wote, si kwa wenye elimu tu, nao walikinunua kwa mamiliyoni. Anasimulia namna wenyeji wa kwanza wa inchi ile, wanaoitwa Waindiani, walivyonyang'anywa inchi yao ya magharibi, zaidi tangu mwaka 1860 hata 1890. Tumekisoma, na tunapenda kuonyesha nguvu yake na upungufu wake.

Nguvu yake ni mashahidi wake. Brown alitafuta maneno ya machifu wenyewe, namna wakalimani walivyoyatafsiri na waandishi walivyoyaandika katika mabaraza ya mapatano. Hivi msomaji anasimama pamoja na wanaofukuzwa, akitazama askari wakija.

Tuchukue mfano wa Sand Creek. Tarehe 29 Novemba 1864 askari wa koloneli Chivington walishambulia kambi ya Wacheyenne na Waarapaho, ijapo chifu Black Kettle alikuwa amepandisha bendera ya Marekani juu ya hema yake. Wengi waliouawa walikuwa wanawake, watoto na wazee. Na Chivington huyo alikuwa zamani mhubiri wa Kimetodisti! Lakini kapiteni Silas Soule aliwakataza watu wake kupiga bunduki, kiisha akatoa ushuhuda mbele ya wachunguzi. Mwezi wa nne wa mwaka 1865 aliuawa katika mji wa Denver.

Mwaka 1868 Padri De Smet, Mjesuiti wa Ubelgiji, alikwenda hata kambi ya Sitting Bull kuomba amani. Katika mapatano ya Fort Laramie ya mwaka ule Serikali iliahidi kwamba vilima vya Black Hills vitakuwa vya Walakota. Mwaka 1874 dhahabu ilionekana pale. Mwaka 1877 Serikali ikavichukua. Mwaka 1980 Mahakama Kuu ilikata neno kwamba ni lazima Walakota walipwe. Walikataa fedha ile, maana wanataka vilima vyao.

Sasa upungufu. Kitabu kinakwisha tarehe 29 Desemba 1890 mahali paitwapo Wounded Knee, askari walipowaua chifu Big Foot na watu wake wengi. Maiti 146 zilizikwa katika shimo moja. Mwishoni Brown anaweka maombolezo ya Black Elk, Mlakota aliyeyaona mambo yale. Msomaji anafunga kitabu akidhani kwamba Waindiani wamekwisha. Lakini katika hesabu ya watu ya mwaka 1890 walikuwa karibu 250 000. Katika ile ya mwaka 2020 waliojiandika hivyo, pamoja na wenye damu ya kuchanganyika, walipita miliyoni 9. David Treuer, Mwojibwe, alitoa kitabu mwaka 2019 kusudi asimulie maisha yao baada ya mwaka 1890.

Na Black Elk mwenyewe? Maombolezo yale yalitoka katika kitabu cha mshairi John Neihardt cha mwaka 1932, ambacho hakikusimulia maisha yake ya baadaye. Tarehe 6 Desemba 1904, sikukuu ya Mtakatifu Nikola, Black Elk alibatizwa na kuitwa Nicholas. Akawa katekista wa misioni ya Wajesuiti pale Pine Ridge. Alifundisha kwa Kilakota, akasali na wagonjwa, akatumwa hata kwa makabila mengine. Alikufa mwaka 1950, na mwaka 2017 jimbo la Rapid City lilianza kuchunguza habari zake kusudi atangazwe mtakatifu.

Tujihadhari na sisi vilevile. Huyu katekista ndiye aliyemsimulia Neihardt njozi za ujana wake na desturi za wazee wake. Tukimsifu katekista na kumnyamazisha mzee wa Kilakota, tunamkata vipande kama wengine walivyomkata. Tena tusifiche habari za shule za bweni, hata zile za misioni, ambamo watoto wengi wa Waindiani walitengwa na wazazi wao na kukatazwa lugha yao. Mwaka 2024 maaskofu wa Marekani waliomba radhi kwa ajili ya sehemu ya Eklesia katika mambo hayo.

Basi, ndugu waseminari na wakatekista, msomapo kitabu cha historia, ulizeni maneno mawili: ni nani anayesema ndani yake? Na watu hawa waliishi namna gani baada ya ukurasa wa mwisho? Brown alijibu vizuri ulizo la kwanza. La pili alituachia sisi wasomaji.